Bobi si Ng'ombe

Samuye, Shinyanga
7 Juni 1953

Bobi amepata kwao! Nyumba ya bati, Justa, bati tupu mpaka jikoni!

Haya sasa, marahaba, ng'wanawane, mwanangu, maana najua ungekuwa hapa ungekuwa umeshanipigia shikamoo. Mimi mzima, baba yako mzima ila goti, na mtama mwaka huu umenikubali mpaka watu wanauliza nimefanya nini.

Nilisema nini mimi? Nilisema yule mbwa akifika mikononi mwa Mbuke halali nje. Siku ile Maduhu dereva aliposhusha gunia kutoka kwenye lori lake nikadhani binti yangu kaniletea zawadi ya Geita, kumbe gunia linatetemeka! Akatoka mbwa wa Kizungu, masikio chini, mkia kaufyata mpaka tumboni, akaingia chini ya lori akakataa kutoka. Maduhu akaniambia, "Mama Justa, huyu tangu Geita hajagusa chakula." Mbwa wetu walimrukia siku hiyohiyo wakamrarua sikio, ndipo nikaona kwangu hapamfai. Na watu wanavyojaa kwangu unajua mwenyewe.

Basi nimemweka kwa Bartholomeo katekista. Nimemweka, sikumtoa. Nimefuata desturi yetu ya ng'ombe: ng'ombe wako akilala kwa mtu, maziwa na samadi ni vya huyo anayemtunza, lakini ng'ombe ni wako, na siku yoyote una haki ya kwenda kumtazama kama ananenepa. Mimi nitakwenda kila Jumapili. Hakuna atakayesema Mbuke ametupa kitu cha binti yake.

Nimefanya haraka kwa sababu mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji, ametangaza habari ya kichaa cha mbwa. Mwisho wa Septemba kila mbwa awe na mtu wake na boma lake linalojulikana. Atakayekutwa anazurura atapigwa rungu, awe wa Kizungu au wa nani.

Watu wananiuliza habari za mjukuu. Nawajibu yuko njiani. Usiniaibishe.

Mimi mama yako mzazi,
Mbuke

*

Kambi ya wafanyakazi, Geita
20 Juni 1953

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi na mume wangu Masele hatujambo. Kazi yake ya kukata mbao za kuzuia miamba huko chini mgodini inaendelea, anarudi amechoka lakini anarudi, na hilo ndilo tunaloshukuru.

Wabeja, asante sana kwa Bobi. Nilipokutumia habari zake kwa mdomo wa Maduhu sikueleza vizuri, acha nieleze sasa. Yule mpima ardhi aliyekuwa bwana wake alirudi kwao Ulaya, akamwacha amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba tupu. Watu wakafanya kumtupia mawe kuwa mchezo. Siku moja wakamzunguka, wakamfunga kopo mkiani. Alipokata mnyororo alikuja kulala mlangoni kwangu, sijui kwa nini kwangu. Sheria ya kambi hairuhusu mbwa. Nilimficha muda mrefu mpaka nikashindwa.

Mama, nakuomba hivi. Asitazamwe usoni. Asizungukwe. Mtu akae chini ampe mgongo, anyamaze, Bobi mwenyewe atakuja kumnusa. Ukimpa muda ni mbwa mwema kuliko watu wengi ninaowajua.

Akipigwa hilo rungu sitajisamehe, kwa maana mimi ndiye niliyemtia ndani ya gunia.

Hayo ya mjukuu tuyaache.

Binti yako,
Justa

*

Samuye
6 Julai 1953

Justa,

Bartholomeo amemrudisha mbwa! Na ukatekista wake wote!

Sikiliza uone kama kosa ni langu. Jumapili nilikwenda kumtazama Bobi. Sikwenda peke yangu, mtu haendi kutazama mali yake peke yake kama mwizi. Nilikwenda na mwenzangu Esta na wanakwaya, maana walitaka kumwona mbwa wa Kizungu wa binti yangu. Nikamwita. Kimya. Nikamwita kwa sauti yangu ile, unaijua, ng'ombe wa mtu mwingine hugeuka. Akatoka chini ya kitanda kama jiwe la kombeo, akapita katikati ya miguu ya katekista, Bartholomeo chini, kanzu juu, kwaya yote inacheka. Bobi tulimpata siku ya pili yake chini ya ghala la mahindi la watu, hataki kutoka hata kwa nyama.

Mimi nasema ni lile bati. Bati lina kelele.

Barua yako niliwasomea wenzangu, wakasifu mwandiko mpaka nikaona haya (sikuona haya). Lakini pale uliposema mbwa apewe mgongo na asitazamwe usoni, Esta akauliza, "Kwani huyu ni mbwa au ni mkwe?" Tulicheka mpaka machozi.

Usihofu. Nimempeleka kwa Mabula. Mabula mwenye ng'ombe! Mtu akikaa kwa Mabula hajui njaa. Na nyumba zake ni za nyasi.

Je, na hilo tumbo? Bado tu? Mwenzako aliyeolewa nyuma yako tayari anabeba wa pili.

Mama yako,
Mbuke

*

Geita
19 Julai 1953

Mama,

Shikamoo.

Barua niliyokuandikia wewe uliwasomea wanakwaya?

Kwa Mabula kuna wake wanne, watoto, wachunga ng'ombe, wageni wa pombe. Nilisema asizungukwe, ukampeleka mahali ambapo hata mtu mzima akitaka kufikiri lazima aende porini. Tafuta nyumba ya watu wawili, au ya mtu mmoja. Si lazima iwe nyumba ya mtu mkubwa. Bobi hajui ukubwa wa mtu.

Tafadhali, Mama. Julai inakwisha.

Justa

*

Samuye
9 Agosti 1953

Justa binti yangu,

Umeniandikia kwa ukali kama karani wa kodi, nimesamehe.

Kwa Mabula imeshindikana. Nilikwenda kumtazama Bobi kwa haki yangu, nikampapasa mbavu mbele ya watu wote kama apapaswavyo ng'ombe aliyewekwa kwa mtu, nikaona mbavu zinahesabika. Nikamwuliza mke mkubwa wa Mabula, "Mwenzangu, hiki ndicho mnachomlisha mgeni wangu?" Akaniambia mbwa anakula vizuri siku zote, ila Jumapili na Jumatatu hagusi kitu. Uongo gani huo! Mbwa anajuaje Jumapili? Tukarushiana maneno. Hapo katikati Bobi akaniuma kidole. Kidogo tu, usishtuke, kidole cha mwisho. Lakini mimi, Justa! Mimi niliyempigania!

Haya, nimekusikia. Watu wawili. Nimemtafutia Paskalia, mke wa yule fundi wa reli pale Shinyanga mjini, wanaokaa nyumba ya mwisho baada ya stesheni. Hawana mtoto wala mgeni. Kutoka kwangu ni mwendo, lakini nitakwenda tu kila Jumapili, siwezi kushindwa na barabara. Wenzangu nao wamesema watanisindikiza, tutapitia na soko.

Mwanangwa kanikumbusha tena habari ya Septemba, hadharani, kana kwamba mimi ni mtu wa kukumbushwa.

Mama yako mwenye kidole kimoja kibovu,
Mbuke

*

Shinyanga mjini
24 Agosti 1953

Kwa dada Justa,

Hatujuani. Mimi ni Paskalia, mke wa fundi wa reli. Anwani yako nimeipata kwa Maduhu dereva. Nakuandikia kwa sababu mama yako ni mkubwa wangu, kwa hiyo siwezi kumwambia haya usoni.

Mbwa wako hana ubaya. Nilidhani ataogopa gari moshi, hata hainui kichwa. Siku ya tano alikula mkononi mwangu. Mume wangu akikaa ngazini na kahawa yake, Bobi anakuja kulala kwenye viatu vyake. Mume wangu si mtu wa kusema, lakini alianza kurudi nyumbani mapema.

Halafu inakuja Jumapili. Mama yako anatokea na akina mama wengi tu, vigelegele vinaanzia stesheni. Wanapanga duara uani. Mama yako anamwita, anamvuta kwa kamba, anamfungua kinywa awaonyeshe meno, anamgeuza huku na huku, anawaeleza habari za Geita na za nyumba yako na za mume wako. Anampenda, hilo naliona. Amemletea nyama kutoka Samuye, katembea nayo juani. Lakini wakiondoka, Bobi anatetemeka mpaka Jumatano. Alhamisi anaanza kupona. Jumapili wanarudi.

Jana aliruka ua. Mume wangu alimfuata na baiskeli mpaka karibu na usiku, akampata kwenye kalvati. Amesema hivi, na mimi nakubaliana naye ingawa inaniuma: hatuwezi kutunza mbwa ambaye ni wa mtu mwingine kila Jumapili. Njooni mmchukue.

Nisamehe,
Paskalia

*

Geita
2 Septemba 1953

Mama,

Nimepata barua ya Paskalia. Kwa hiyo si bati, si ng'ombe wa Mabula, si gari moshi. Ni wewe.

Nyumba tatu, Mama! Tatu zote zilikuwa zinamfaa. Kwa katekista angezoea, kwa Mabula alikuwa anakula, kwa Paskalia alikuwa amepata kwao kabisa. Na kila nyumba umekwenda kumtoa ndani kwa kamba ili watu waone. Bobi si ng'ombe. Ng'ombe akitazamwa anaendelea kutafuna. Yeye alishawahi kuzungukwa na watu wanaocheka, hajui kwamba nyinyi mnacheka kwa furaha.

Nakuandikia jambo ambalo sikutaka kukuandikia, na hili usimsomee mtu.

Mwezi wa pili mwaka huu nilipoteza mimba. Ilikuwa imeshaonekana. Wewe hukujua kwamba ilikuwapo, wala kwamba imekwenda. Sikukwambia kwa sababu nilijua ungekuja siku hiyohiyo, na usingekuja peke yako. Ungekuja na Esta, na kwaya, na shangazi zote, mngejaa humu chumbani, mngelia kwa sauti, mngeniuliza nilikula nini na nilibeba nini, kila mmoja angenishika tumbo. Nisingekuwa na mahali pa kujificha. Masele alikuwa zamu. Bobi ndiye aliyelala mlangoni, hakuniuliza neno, hakunigusa, na hakuondoka.

Sasa unajua kwa nini nataka awe na kwao. Na unajua kwa nini sikujibu habari za mjukuu.

Mwisho wa mwezi si mbali. Fanya unaloweza.

Justa

*

Geita
27 Septemba 1953

Mama,

Shikamoo. Sijapata neno lako tangu mwanzo wa mwezi. Maduhu anasema amepita Samuye hakukuona barabarani, na wewe huwa hulikosi lori. Umeumwa? Umenikasirikia? Niliandika kwa hasira, lakini niliyoandika ni kweli, nami siwezi kuyafuta.

Mwambie Maduhu hata neno moja tu. Bobi yuko wapi?

Justa

*

Samuye
4 Oktoba 1953

Justa,

Yuko hai.

Sikuumwa. Nilikuwa sina la kuandika, na wewe unajua hilo halijapata kunitokea. Barua yako sikumsomea mtu. Esta aliuliza, "Justa anasemaje?" nikasema anasalimu. Baba yako peke yake nilimwambia, akatoka nje akakaa kwenye zizi mpaka ng'ombe wakarudi.

Pole, mwanangu. Nilikuwa nataka kuandika mengi hapa. Basi, pole.

Nilikwenda kwa Paskalia kumchukua Bobi, nikaenda peke yangu. Mume wake hakutoka kuniaga. Nilipomshika Bobi kamba alilala chini kama amekufa. Nikamvuta, nikambembeleza, nikamsemesha, nikamtukana, watu wa stesheni wananitazama. Mwisho nilichoka. Nilikaa pembeni ya njia nikampa mgongo kama ulivyosema, nikanyamaza, hasira imenijaa mpaka masikioni. Nikakaa nikiwaza yale ya mwezi wa pili. Baadaye nikasikia pua mgongoni.

Wiki mbili nzima nilizunguka kutafuta mtu. Kila boma wanasema, "Mama Justa, mbwa tunamtaka, lakini utakuwa unakuja?" Wanasema mbele yangu hivyohivyo! Nilikasirika na Samuye nzima. Usiku nilimfungia Bobi ndani ya chumba changu ili mbwa wetu wasimfikie, baba yako akahamia ghalani.

Ikabaki siku moja rungu lianze. Nikamkumbuka Ghati.

Ghati humjui, ni mjane Mkurya, alikuja huku na mume wake aliyekuwa akichimba dhahabu, mume akafa, yeye akabaki kijiji cha Didia akifinyanga vyungu. Mimi nilikuwa simpendi. Nilikuwa nasema anaringa, hakaribishi mtu. Sasa nimejua sababu. Vyungu vibichi vikianikwa uani, mtoto akipita mbio au kuku akiruka, vinapasuka kabla ya kuona moto. Ndiyo maana kwake hapakanyagwi. Ukifika unasimama nje ya ua unakohoa, unangoja mpaka umeitwa.

Nikakohoa. Nikangoja. Justa, nilingoja!

Akatoka na udongo mpaka viwikoni. Akanitazama mimi, mbwa hakumtazama kabisa. Akauliza, "Mbwa wako?"

"Wangu."

"Mbona anakuogopa?"

Nikamwambia nataka kumweka kwake. Akauliza, "Kuweka maana yake nini?" Nikamweleza desturi yetu, maziwa ya anayetunza, ng'ombe wa mwenyewe, haki ya kutazama. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mbwa hana maziwa. Sasa mimi napata nini, wageni? Kama unamweka, rudi naye. Kama unanipa, nipe."

Nilikaa na ile kamba mkononi muda mrefu. Nilifikiri nitakwambia nini, kwamba mbwa wako nimempa mtu kabisa, mtu baki, na sina haki tena hata ya kumwita. Bobi alikuwa amelala kivulini mwa ua, karibu na vile vyungu. Hakuna aliyemwita pale. Alikwenda mwenyewe.

Nikampa Ghati kamba. Nikasema, "Ni wako." Akaifungua shingoni mwa Bobi akanirudishia, akasema kamba hahitaji.

Nikatoka pale moja kwa moja mpaka kwa mwanangwa, nikamwambia mbele ya baraza lake: mbwa yule ni wa Ghati wa Didia. Akauliza, "Si alikuwa wa binti yako wa Geita?" Nikasema alikuwa. Rungu lilianza siku ya pili yake. Bobi halimhusu tena.

Sijakwenda kumwona. Jumapili ya leo miguu ilikuwa inanivuta, nikaenda kupalilia shamba ambalo halina hata jani.

Mama yako

*

Geita
25 Oktoba 1953

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena.

Barua yako nilimsomea Masele, yeye tu. Nilipofika pale unapokohoa nje ya ua akasema, "Soma tena hapo." Nimelia, halafu nimelala vizuri.

Hukukosea kumpa. Nilichotaka ni hicho, ila sikujua kukisema. Nilisema "mtafutie mahali" kumbe nami nilikuwa bado namshika kamba kutoka huku mbali.

Masele amepata likizo ya Krismasi, tutakuja. Natamani kumwona Bobi hata kwa mbali. Lakini Ghati akikataa nitaelewa. Usimsumbue. Kweli, Mama, usimsumbue.

Nikifika tutazungumza yale mengine. Wewe na mimi, jikoni, mlango umefungwa.

Justa wako

*

Samuye
29 Novemba 1953

Justa binti yangu,

Sikumsumbua! Ghati amekuja mwenyewe!

Alipita Samuye akipeleka vyungu sokoni, akasimama nje ya boma langu akakohoa. Mimi na wageni wangu wote tukanyamaza kama kanisani. Akasema Bobi hajambo, hulala katikati ya vyungu na hajavunja hata kimoja, na siku hizi humsindikiza mpaka mtoni kuchimba udongo, Bobi mbele, Ghati nyuma. Akasema wiki iliyopita fisi alikuja, Bobi akamfukuza mpaka ikabidi Ghati amwite arudi. Fisi, Justa! Mbwa wako! Nilisema mimi tangu mwanzo yule mbwa ni shujaa, Esta ni shahidi.

Kisha akaniuliza, "Hujaja?" Nikasema, "Hujaniita." Akanitazama sana. Akasema nimejua kungoja, kwa mtu wa Samuye.

Nikamwambia unakuja na Masele. Akafikiri, akahesabu siku za kuchoma vyungu, akataja siku ambayo ua wake utakuwa mtupu na mtu anaweza kukaa. Ametualika sote: wewe, Masele, baba yako na goti lake, na mimi. Esta na kwaya wamesikia, wameanza kushona sare. Nimewaambia hapana. Esta amenuna, hanisalimu siku ya tatu leo, nami namwacha anune, atazoea.

Hakuna kigelegele. Hakuna nyama ya kumvutia. Tutaingia, tutakaa chini, tutatazama mtoni, na Bobi akitaka atakuja, asipotaka tutakunywa uji wa Ghati turudi nyumbani. Baba yako anasema sitaweza. Mwambie Masele aweke dau na mkwewe, ashinde. Mimi nikiamua kukaa kimya hakuna mtu wilaya hii atakayenishinda.

Jikoni nimeweka komeo mlangoni, la ndani.

Msichelewe basi. Siku yenyewe ni Jumamosi, tarehe kumi na tisa Desemba, asubuhi, kabla jua halijapanda.

Mama yako mzazi,
Mbuke